Minazi Iliyobaki Ng'ambo ya Ruvuma

Chumba chetu cha kwanza cha ndoa kilikuwa Chuno, mjini Mtwara, katika nyumba ya mwanamke aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma. Miaka ya sitini ilikuwa inakwisha. Mume wangu alikuwa amepata ukarani bandarini, nami nikamfuata kutoka kwetu milimani, upande wa kahawa, nikiwa sijawahi kuiona bahari wala kuamshwa na adhana. Tulishuka kwenye lori na godoro, sanduku la bati na masufuria ya harusi. Mwenye nyumba akatoka, akatupokea mizigo bila haraka, akauliza habari za safari. Kisha akanigeukia mimi, si mume wangu, akataka kujua kwetu tunalima nini. Nikamwambia mahindi, na kahawa kidogo.

"Kahawa ni mti," akasema. "Basi unajua kungoja."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake na maneno ya Kireno hapa na pale, hasa alipokasirika. Mumewe alifariki muda mfupi baada ya wao kuvuka, na hakuwa na mtoto. Mimi nilikuwa sina ndugu mji mzima, kwa hiyo haikuchukua muda nikaanza kumwita mama mkubwa. Alilipokea jina hilo kana kwamba alikuwa analisubiri, akawa ananiita mwanangu, na tangu siku hiyo nikawa chini ya amri yake.

Mambo yake niliyajua kidogo kidogo, kwa kukaa naye uani. Yeye na mumewe walikuwa watu wenye nacho huko kwao: minazi mingi, duka, mashamba ya mpunga karibu na mto. Vita vilipowafikia waliondoka asubuhi moja na walivyovaa, na sufuria. Walipofika Mtwara, alichokuwa nacho ni mikono inayojua kushona makuti. Mji ulikuwa unakua, wafanyakazi wa bandari wanatafuta pa kulala, na kila aliyejenga alihitaji kuezeka. Akaomba makuti yaliyoanguka kwa wenye minazi, akashona, akauza. Akapata kiwanja. Akajenga chumba kimoja cha udongo, akaongeza cha pili ubavuni, akampangisha mtu kile kizuri, yeye akabaki kwenye kile kibaya. Nilipofika mimi, nyumba ilikuwa ndefu yenye wapangaji wa kila namna, na yeye bado analala kwenye kile chumba kibaya.

Siku hizi vijana wanayaita mambo haya uwekezaji, na wana semina zake. Yeye hakuwa na jina la jambo hilo. Alisema tu kwamba mali iliyokaa ukingo mmoja ni ya mto, si ya mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa na nyumba mjini, mikorosho kijijini kwenye njia ya kwenda Kilambo, na mbuzi waliotawanyika kwa watu aliowaamini, kila mtu akimtunzia wawili watatu na kugawana wanapozaa. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyejua mbuzi wengine wako wapi. Mimi mwenyewe nilijua kwa sababu nilimsindikiza.

Zama zile neno kupe, yaani mnyonyaji, lilikuwa midomoni mwa watu, na siku moja mkutanoni mtu akasema kwa utani kwamba mwenye wapangaji ni kupe. Watu wakacheka, wakamtazama. Njiani tukirudi akaniambia kwamba kupe hashoni makuti. Lakini jioni ile hakula, na nikaona kwamba neno lilikuwa limemchoma.

Jambo jingine nililoliona mapema, bila kulielewa, lilihusu nazi. Akienda sokoni alichukua nazi, akaitikisa sikioni, akaigonga kwa ukucha, akainunua. Lakini hakuna siku niliyomsikia akiisifu. Tui la huku lilikuwa jepesi. Machicha yalikuwa mengi. Nilidhani ni mtu mgumu wa kuridhika.

Mimi nilikuwa napika vitumbua alfajiri na kuwauzia wapakuzi wa meli kabla hawajaingia zamu. Biashara ilinikubali, na baada ya mwaka tukawa na akiba. Mume wangu alitaka redio. Alikuwa ameshaichagua dukani, na kila akipita alisimama kuitazama. Sikuwa na neno dhidi ya redio. Mimi pia nilitamani kusikia sauti za watu nyumba inapokuwa kimya. Mama mkubwa aliposikia hakutukataza. Alituomba tu twende naye shambani Jumapili moja baada ya kanisa, tuone, kisha tukanunue redio yetu.

Tulipanda lori la watu wa korosho, tukashuka kwenye mchanga, tukatembea. Mikorosho yake ilikuwa imekomaa, matawi yanagusa ardhi, chini yake baridi kama ndani ya nyumba. Mabibo, matunda ya mkorosho, mekundu na ya njano, yalikuwa yameanguka, na harufu yake ilikuwa kali na tamu. Mume wangu akazunguka shina moja hadi jingine, mikono nyuma. Mama mkubwa akamweleza kwamba alipoipanda alikuwa hana hata sahani ya kulia. Tuliporudi mjini, mume wangu ndiye aliyeniambia kwamba redio ingengoja.

Wazee wa kijiji walitupa kipande cha pori jirani na shamba lake. Tukawalipa vijana wa kufyeka, tukachoma, tukapanda mvua zilipoanza. Mimi nilitaka miti mingi. Yeye alipima kwa miguu, akanirudisha nyuma kila mara, akisema mkorosho hauelewani na jirani wa karibu. Kati ya mistari tukaweka muhogo. Nilimuuliza kwa nini tujisumbue na muhogo wakati tunachotaka ni korosho. Akasema muhogo ndio utakaotulisha miaka ya kungoja, tusije tukaila mikorosho kabla haijazaa. Wapo watu aliowajua waliouza miti michanga kwa sababu ya njaa ya mwezi mmoja.

Kila shimo tulitia mbegu tatu. Nyingi ziliota zote, na mwaka uliofuata akaniambia muda umefika wa kubakiza mche mmoja. Nikaanza kwa bidii, nikang'oa iliyodhoofika. Nilipofika kwenye mashimo yenye miche mitatu mizima, yenye majani mapana, mikono ikaacha kufanya kazi. Nikapita, nikaiacha. Yeye alikuwa anakuja nyuma yangu.

"Umeruka hapa."

"Yote mizima, mama mkubwa."

"Kung'oa kilichokufa kila mtu anaweza," akasema. "Chagua mmoja. Hiyo mingine itakula chakula chake, na mwisho hutapata hata mmoja."

Nikachagua huku machozi yananitoka, na yeye akasimama pale mpaka nilipomaliza. Nimeikumbuka siku ile mara nyingi maishani, kila nilipotaka kufanya mambo matatu mazuri kwa wakati mmoja.

Kiangazi cha mwaka wa tatu moto ulitoka kwa watu waliokuwa wakiwinda panya, upepo ukauleta kwetu. Mwaka ule nilikuwa nimejifungua, mtoto akaugua, na njia ya moto kuzunguka shamba ilifyekwa upande mmoja tu. Habari zilitufikia mjini siku ya pili. Tulipofika, nusu ya shamba ilikuwa majivu. Miti iliyokuwa imenifika kifuani ilisimama kama vijiti, majani yamekauka na kukunjamana. Niliketi chini nikalia. Nililia vitumbua vya alfajiri zote zile.

Mama mkubwa hakunibembeleza. Alipita mti kwa mti, akikwaruza magome kwa kisu kidogo. Penye ubichi chini ya gome alifunga kitambaa. Penye ukavu alipita. Alipomaliza akarudi, akaketi kando yangu kwenye majivu na kanga yake safi.

Akaniambia kwamba alipovuka mto hakuilia minazi. Aliogopa kwamba akianza hataacha, na mumewe alikuwa mgonjwa. Alianza kulia alipokwisha kuezeka chumba cha kwanza, alipokuwa na mlango wa kufunga. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanielezea ile minazi. Ilikuwa kwenye mwinuko wa mchanga, nyuma ya nyumba, na kutoka pale uliona maji ya mto yakiingia baharini, mekundu kwenye buluu. Upepo ukivuma usiku ilitoa sauti ya mvua, na wageni waliamka kuanua nguo. Mingi ilikuwa ya baba yake. Lakini michache alipanda yeye, kila alipojifungua. Watoto wake hawakuishi. Wa kwanza alikaa wiki chache, wengine hawakufika kutambaa.

"Vitovu vyao viko chini ya minazi ile," akasema. "Na wao wenyewe wako hapo hapo kando."

Nilikuwa nimempakata mwanangu, na nikaona aibu ya kulilia mikorosho. Yeye akainuka, akakung'uta kanga, akasema mvua zikija tutaziba mapengo, na safari hii tutafyeka njia ya moto pande zote nne. Ndivyo tulivyofanya.

Mavuno ya kwanza yalikuwa madogo, lakini hakuna mavuno mengine niliyoyasikia mwilini kama yale. Niliokota mwenyewe, nimeinama tangu asubuhi, mume wangu ananyofoa korosho kutoka kwenye mabibo, mtoto analala kivulini. Tulinunua cherehani. Redio ilikuja mwaka uliofuata.

Kisha ukaja wakati wa watu kuhamia vijiji vipya. Wa upande wetu walipelekwa karibu na barabara, mwendo mrefu kutoka kwenye mikorosho yao. Wengi walikata tamaa. Mzee aliyepakana nasi shambani, mtu mpole aliyetuazima majembe tangu mwanzo, alikuja Chuno siku moja kutaka kuniuzia miti yake yote. Alikuwa anataka kujenga upya huko alikopelekwa, na bei aliyoitaja ilikuwa ya mtu aliyechoka. Mimi nilifurahi. Nilikwisha kujifunza hesabu za miti, na nilijua nilichokuwa nakitazama. Nikamwomba asubiri kidogo, nikaenda kumweleza mama mkubwa jikoni.

Alinisikiliza akiendelea kukuna nazi. Kisha akaniuliza kama mzee anauza au anakimbia. Nikasema sioni tofauti, miti ni ile ile.

"Mimi nimewahi kuwa yeye," akasema. "Wakati tunaondoka, jirani alitaka kununua minazi kwa bei ya ngalawa ya kuvukia. Mume wangu alikataa, na mpaka leo sijamsahau yule jirani. Unataka mtu akukumbuke hivyo mwanangu, kila akila?"

Akanituma nirudi kwa mzee na jambo jingine: nitapalilia miti yake pamoja na yangu, nitaokota, tutagawana, na siku akipata nguvu ya kuja miti ni yake. Mzee akaniomba nirudie maneno yale. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa mapatano yale nilipata kidogo kuliko ambavyo ningepata kwa kununua; hilo nimelipigia hesabu baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye vyumba vyangu vya kupangisha. Lakini yule mzee na watoto wake ndio walioniangalizia shamba miaka yote niliyokuwa mbali, bila mimi kukanyaga huko, na kila msimu fungu langu lilinifikia.

Mwaka mmoja hivi baadaye vita vya ng'ambo vikaisha. Tulizisikia habari kwenye redio yetu, wapangaji wote wamejaa mlangoni. Watu walipiga vigelegele. Mama mkubwa aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na sikumwona mpaka kesho yake.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Alisahau chumvi. Alisimama katikati ya ua na ufagio mkononi, hafagii. Siku moja akaniomba nimsindikize Kilambo. Nilidhani anakwenda kumwona mtu wa mbuzi, lakini alipitiliza mpaka kwenye kivuko, ukingoni mwa Ruvuma. Maji yalikuwa yamepungua, fungu la mchanga limejitokeza katikati, na ng'ambo tuliona matete, na nyuma yake miti, na moshi wa mtu anayepika. Mitumbwi ilikuwa inavusha watu wenye virago na kuku. Aliketi kwenye mchanga, akatazama. Tulikaa pale mpaka jua likageuka.

Wiki ile ile akaanza kuuza. Mbuzi kwanza, kisha mikorosho, ambayo aliwauzia watu wa kijiji kipya kwa bei nafuu. Niliona ni busara. Mtu anayesafiri lazima awe na kitu mkononi. Lakini aliponiambia amepata mtu wa kuinunua nyumba, nilimfuata chumbani nikakaa juu ya kitanda chake cha kamba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe. Nikamwambia asiiache Mtwara bila kitu. Abakize nyumba, mimi nitaitunza. Aende akaone kwanza. Hajui kama minazi ipo au ilichomwa. Hajui nani anakaa pale. Na yeye ndiye aliyenifundisha kutoweka mali ukingo mmoja.

Aliendelea kukunja kanga zake. Akasema yote niliyosema ni kweli, na kwamba nimesoma vizuri.

"Lakini hayo nilikufundisha ya mali," akasema. "Siendi kutafuta mali, mwanangu. Nikibakiza nyumba huku nitakuwa narudi. Nimechoka kuwa mtu wa kungoja kurudi."

Nikamwuliza, na mimi je? Sikuwa nimepanga kulisema. Lilitoka tu, kama mtoto. Akaacha kukunja. Akanivuta kichwa akakilaza kwenye bega lake, na nikamsikia akipumua. Kisha akarudi kwenye kanga zake.

Aliondoka asubuhi, kiangazi. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukamsindikiza sote watatu, mtoto mgongoni. Mizigo yake ilikuwa michache kwa mtu aliyekuwa na vingi. Ukingoni alitushika mikono, akambusu mtoto utosini, akaingia mtumbwini, akakaa akitazama mbele. Nilidhani atageuka watakapofika kwenye fungu la mchanga. Walishuka pale, wakauvuta mtumbwi, wakapanda tena, na yeye hakugeuka. Mume wangu alisema pengine jua lilikuwa linamwumiza macho.

Habari zake zilinifikia mara moja tu. Mwanamke mmoja aliyevuka kuja kuuza mikeka alinitafuta Chuno, akauliza nyumba kwa nyumba. Akasema mama mkubwa mzima. Minazi mingi ilikufa kwa moto na kwa kukosa watu, lakini kwenye mwinuko ilibaki iliyosimama, na chini yake amejenga kibanda. Anashona makuti, kwa sababu kila anayerudi anahitaji kuezeka. Alikuwa ameagiza niulizwe kama nimefyeka njia ya moto. Nilimpa yule mwanamke chakula, nikamwuliza maswali mpaka akachoka. Nilitaka kujua kama ile minazi iliyosimama ni ya baba yake au ni ile aliyoipanda yeye. Hakujua.

Baadaye mume wangu akahamishiwa bandari nyingine, kaskazini. Huko nilijenga chumba, kikazaa chumba. Nimenunua viwanja kwa subira na nimeviuza bila haraka; sijawahi kulala na kila kitu changu ukingo mmoja. Wanawake vijana huja kuniuliza siri, nami huwaambia habari za muhogo katikati ya mikorosho, na za kuchagua mche mmoja. Wanaandika. Habari za yeye mwenyewe siwaambii sana. Wao wamekuja kwa ajili ya viwanja.

Kabla ya kuhama nilikwenda Kilambo peke yangu nikitaka kuvuka. Ilikuwa masika. Mto ulikuwa umejaa, fungu la mchanga halionekani, magogo yanapita kwa kasi. Mwenye mtumbwi alikataa kabisa. Alisema viboko wamesogea kwenye kina kifupi, na hata kama angenipeleka, njia ya kwenda upande wa baharini iko majini. Nilimbembeleza, nikamwambia sitakuwapo maji yakipungua. Akasema pole.

Nilikuwa nimebeba doti ya kanga na sukari. Nilimkuta mama mmoja aliyekuwa anangoja pale siku kadhaa ili arudi kwao, nikamwelekeza: mwinuko wa mchanga, minazi, mwanamke mwembamba anayeshona makuti. Akasema atauliza. Gari la kurudi mjini lilikuwa limebeba muhogo mkavu, nikapewa nafasi juu ya magunia. Dereva alisema nikae nikitazama mbele, barabara ni mbaya, nitaanguka. Nilishika kamba nikakaa nikitazama nyuma mpaka mto ukafichwa na miti.